Unabadilisha ndege ughaibuni? Chunga saa, chunga sanduku

Msomaji, ukifika katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA) jioni yoyote ya mwezi wa Agosti, utawaona. Jamaa wamejaa tele, wengine wamekuja kwa matatu ya kukodisha. Mama kajifunga leso mpya, wajomba wamevalia makoti, na katikati yao amesimama kijana mwenye masanduku mawili mapya na pasipoti ambayo bado haijapigwa muhuri hata mmoja. Picha zinapigwa, sala inaombwa, machozi yanafutwa. Kisha kijana anaingia ndani peke yake, na jamaa wanarudi nyumbani wakidhani kwamba kazi kubwa imekwisha.

Kumbe kazi ndiyo kwanza imeanza. Kijana huyo hapandi ndege moja tu. Aghalabu anapanda mbili au tatu kabla ya kufika katika mji wenye chuo chake. Katikati ya ndege hizo kuna viwanja vikubwa kama miji, ambako hakuna shangazi wa kumwonyesha njia. Ni huko ndiko wengi huachwa na ndege, au hufika mwisho wa safari wakiwa na nguo walizovaa tu.

Yafaa tukumbuke fedha hizo zilitoka wapi. Nauli ilichangwa kwa harambee, au ng'ombe aliuzwa, au mzazi alichukua mkopo katika chama cha akiba na bado anaulipa. Tikiti ya pili ikinunuliwa dakika ya mwisho huweza kushinda ile ya kwanza kwa bei. Kwa hivyo, iwe ni wewe unayesafiri au ni mwanao, soma makala haya polepole, na uyakate uyahifadhi.

Tikiti moja au mbili?

Jambo la kwanza huamuliwa miezi kadhaa kabla ya safari, siku ya kununua tikiti. Kuna njia mbili za kwenda mbali. Ya kwanza ni tikiti moja inayokutoa Nairobi hadi mwisho wa safari, hata kama utapanda ndege tatu za mashirika tofauti. Ya pili ni kununua vipande: tikiti moja ya Nairobi hadi Dubai, tuseme, na nyingine ya Dubai hadi London, kwa sababu mtu amekwambia kuwa hivyo ni rahisi.

Tofauti yake ni kubwa kuliko bei. Ukiwa na tikiti moja, mashirika hayo yamekubaliana kukufikisha. Ndege ya kwanza ikichelewa hata ya pili ikakuacha, ni juu yao kukutafutia nafasi katika ndege nyingine bila kukutoza. Mzigo wako nao kwa kawaida huandikiwa safari yote. Lakini ukiwa na tikiti mbili, shirika la pili halina habari na lile la kwanza. Kwao wewe ni abiria aliyechelewa kufika uwanjani, basi. Tikiti yako huweza kufutwa, na mara nyingi fedha hazirudi.

La mno ni kwamba mwenye tikiti mbili mara nyingi hulazimika kuchukua mizigo yake, kutoka nje, na kwenda kupimwa upya kana kwamba ndiyo kwanza anaanza safari. Kutoka nje maana yake ni kupita kwa maafisa wa uhamiaji, na kupita huko huhitaji viza ya nchi ile. Wako waliookoa dola mia moja kwa tikiti ya vipande, wakaja kuzuiliwa kupanda ndege hapa Nairobi kwa kukosa viza ya nchi ambayo hawakukusudia kukaa hata saa moja. Rahisi huwa ghali.

Hata mwenye tikiti moja ni vyema aulize kuhusu viza ya kupitia. Uingereza, kwa mfano, ina sheria zake juu ya pasipoti zipi hutakiwa viza hata kwa mtu anayebadilisha ndege tu. Nchi za Ulaya nazo zina zao, na sheria hizo hubadilika. Marekani ndiyo kali zaidi katika jambo hili. Mtu yeyote anayetua huko ni lazima apite kwa maafisa wa uhamiaji, hata kama anaelekea Canada au Mexico siku hiyo hiyo.

Saa ya tikiti si saa ya Kiswahili

Mtego wa pili ni wa saa, na huwanasa hasa sisi tuzungumzao Kiswahili. Tikiti huandikwa kwa saa 24, na siku hubadilika katikati ya usiku. Tikiti ikisema Jumatatu 00:25, maana yake ni saa sita na dakika ishirini na tano, usiku wa Jumapili kuamkia Jumatatu. Ukienda JKIA Jumatatu usiku, utaambiwa ndege iliondoka tangu jana. Ajabu ni kwamba mzee wa Lamu, ambaye kwake siku mpya huanza jua likishatua, hatapata taabu na hesabu hii. Ni sisi wa bara tunaodanganyika. Wakati wa kumwaga mgeni, basi, hesabu kwa jina la jioni utakayotoka nyumbani, na uiandike ukutani: "Tunaondoka Jumapili saa moja jioni."

Kumbuka pia kwamba kila saa iliyoandikwa katika tikiti ni saa ya mahali pale. Dubai iko mbele ya Nairobi kwa saa moja. New York iko nyuma yetu kwa saa saba wakati wa kiangazi chao na saa nane wakati wa baridi. Mara ndege inapotua, rekebisha saa yako ya mkono kabla ya kusimama kitini. Simu nyingi hujirekebisha zenyewe, lakini mpaka zipate mtandao.

Herufi tatu za kuangalia

Sasa tuje kwenye sanduku. Ukifika kwenye mizani, karani hulifunga kibandiko kirefu cha karatasi, kisha akakupa kipande kidogo chenye nambari ile ile. Watu wengi hukitia mfukoni bila kukitazama. Wewe kisome pale pale, kabla sanduku halijaondoka kwenye mkanda.

Kibandiko hicho kina mambo mawili makuu. La kwanza ni nambari ya tarakimu kumi pamoja na mistari inayosomwa na mashine. Katika tarakimu hizo, tatu ni za kulitambulisha shirika la ndege, na sita za mwisho ni za sanduku lako. La pili ni herufi tatu zilizochapishwa kwa maandishi makubwa, ambazo ni jina fupi la uwanja ambako mzigo utashushwa. Nairobi ni NBO, Mombasa ni MBA, Amsterdam ni AMS, Dubai ni DXB, Heathrow ya London ni LHR, Dallas ni DFW. Ikiwa unakwenda Dallas na kibandiko kinasema JFK, sanduku lako litaishia New York. Muulize karani kwa upole: "Mzigo huu nitauchukulia wapi?" Kuuliza si ujinga, na wahenga walikwisha sema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kipande hicho ndicho daftari lako.

Vibandiko vya safari za zamani viondoe vyote, kwani mashine ikisoma cha mwaka jana huweza kulipeleka sanduku mahali kwingine. Andika jina lako, simu na anwani ya unakokwenda nje ya sanduku na pia uweke karatasi kama hiyo ndani, juu ya nguo. Kibandiko cha nje kikichanika, watafungua na kukupata. Na kwa kuwa masanduku meusi yamejaa duniani, funga kitambaa chekundu au kipande cha leso mkononi mwa sanduku. Lipige picha kwa simu, ndani na nje. Utaona faida yake baadaye.

Upime nyumbani pia. Mashirika mengi huruhusu kilo 23 kwa sanduku moja la daraja la kawaida. Hata ukikubali kulipia, sanduku lililozidi kilo 32 kwa kawaida hukataliwa, kwa sababu kuna binadamu wa kuliinua. Si vizuri kufungua sanduku mbele ya foleni na kutoa unga wa ugali mbele ya wageni.

Viwanja vilivyo kama miji

Kila uwanja una kiwango cha chini cha muda wa kubadilisha ndege, na kompyuta za mashirika haziuzi tikiti moja iliyo chini ya kiwango hicho. Lakini kiwango hicho hukadiria kwamba ndege ya kwanza imefika kwa wakati na kwamba abiria anajua njia. Mgeni asiyejua njia asikubali muda wa saa moja. Muda wa saa mbili hadi tatu ndio wa amani, na unapoingia Marekani kwa mara ya kwanza, usipungue saa tatu.

Viwanja havifanani. Schiphol kule Amsterdam uko chini ya paa moja, na vibao vyake ni vya manjano. Anayetoka Nairobi kwenda New York kupitia hapo hubaki upande wa abiria wa kimataifa, lakini anayekwenda Berlin huingia eneo la Schengen papo hapo Amsterdam, hivyo pasipoti na viza yake hukaguliwa huko wala si Ujerumani. Heathrow umegawanyika katika majumba yaliyo mbalimbali, na vibao vya wanaobadilisha ndege ni vya rangi ya zambarau. Ukishukia jumba la 4 na ndege yako iko jumba la 5, utapanda basi na kukaguliwa upya. Dubai nao ni mrefu, hata kuna milango ambayo hufikiwa kwa treni ya ndani.

Penye viwanja vyote hivi, kanuni ni moja. Ukishuka, usifuate umati, kwani wengi wao wamefika kwao na wanakwenda kuchukua mizigo. Fuata kibao cha wanaounganisha safari. Tafuta ubao mkubwa wa ndege, usome nambari ya ndege yako badala ya jina la mji, maana ndege za mji mmoja huweza kuwa tano. Andika lango, nenda hadi hapo kwanza ulione kwa macho yako, ndipo utafute chai na choo. Malango hubadilishwa, basi rudi kwenye ubao kila baada ya muda. Tena saa iliyoandikwa ni ya ndege kuondoka. Mlango hufungwa kabla ya hapo, mara nyingi kwa dakika 15 au 20, na viwanja vingi siku hizi haviiti majina ya waliochelewa.

Angalia pia kama ni uwanja ule ule. Mji wa New York una JFK na LaGuardia (LGA), na ng'ambo ya mto kuna Newark (EWR). London ina Heathrow, Gatwick na vingine. Tikiti ya bei nafuu wakati mwingine hukushusha kimoja na kukupandisha kingine, na kati yake ni barabara, foleni ya magari na nauli ya teksi.

Mfano wa New York

Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayekwenda Dallas. Tangu Oktoba 28, 2018, Kenya Airways ilipoanzisha safari ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi JFK, wengi wamepitia njia hii. Anakaa hewani kwa takriban saa 15, anatua jumba la 4, na hapo mambo yanafuatana hivi.

Kwanza, uhamiaji. Foleni huweza kula saa nzima au zaidi. Anatakiwa kuwa na pasipoti, viza, na fomu ya I-20 ya chuo chake, zote mkononi. Fomu hiyo ikiwa ndani ya sanduku, amekwama. Tena asifike mapema mno, kwa kuwa mwanafunzi mpya haruhusiwi kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza masomo iliyo katika fomu.

Pili, mizigo. Hapa ndipo wengi hukosea. Kibandiko kinasema DFW, naye anajiambia kuwa sanduku litafika lenyewe. La! Kwa kawaida anayeingia Marekani hulichukua sanduku lake katika uwanja wa kwanza anaotua, hata kama limeandikiwa mbele. Isipokuwa kwa wanaokaguliwa na Wamarekani kabla ya kuruka, kama vile Dublin au Abu Dhabi, au ukiambiwa waziwazi vingine, simama kwenye mkanda ulichukue. Usipolichukua, litabaki likizunguka New York huku wewe uko Dallas.

Tatu, forodha. Sema kila chakula ulichobeba. Kahawa iliyokaangwa na majani ya chai kwa kawaida hupita. Nyama na matunda mabichi hunyang'anywa. Kunyang'anywa embe si neno, lakini kuficha ni kosa, na faini huanza kwa mamia ya dola. Anayebeba zaidi ya dola 10,000 taslimu naye ni lazima aseme.

Nne, ukishapita forodha utaona mkanda wa kurudishia mizigo ya wanaoendelea na safari. Weka sanduku hapo, na uhakikishe mhudumu amesoma kibandiko. Kisha tafuta jumba la ndege yako ya pili. Ukiwa na ndege ya Delta, huenda ni jumba lile lile la 4. American iko jumba la 8. Treni iitwayo AirTrain huzunguka kati ya majumba, na baina yao hailipishwi. Mwisho, unakaguliwa upya kama ulivyokaguliwa Nairobi. Chupa ya manukato uliyonunua njiani ikiwa zaidi ya mililita 100, na haimo katika mfuko uliofungwa rasmi dukani, itatupwa. Iweke sandukuni kabla hujalirudisha.

Vya mkononi

Katika begi la mkononi tia kila kitu ambacho kikipotea safari imeharibika: stakabadhi za chuo, vyeti, fedha, dawa za siku kadhaa pamoja na karatasi ya daktari, miwani, chaja, na nguo za kubadilisha siku moja au mbili. Betri za akiba za kuchajia simu hazikubaliwi katika sanduku linalokwenda chini ya ndege, kwa sababu huweza kushika moto. Zibebe mkononi, na zisizidi saa-wati 100 bila idhini ya shirika. Mhudumu akikwambia mlangoni kuwa ndege imejaa na begi lako liende chini, toa betri na pasipoti kwanza.

Sanduku lisipotokea

Usidhani mizigo hupotea kwa wageni tu. Uwanja wa Denver ulipofunguliwa Februari 1995, ulikuwa umechelewa kwa miezi 16, na sababu kubwa ilikuwa mitambo ya kusafirisha mizigo ambayo ilikuwa ikirarua masanduku. Jumba la 5 la Heathrow lilipofunguliwa Machi 27, 2008, mizigo ililundikana kwa maelfu. Hali imekuwa nafuu. Kampuni ya SITA, ambayo hutengeneza mitambo ya kufuatilia mizigo, ilihesabu karibu mizigo 19 iliyokwenda kombo kwa kila abiria 1,000 mwaka wa 2007. Mwaka wa 2023 ilikuwa 6.9. Lakini katika hiyo ya 2023, karibu nusu ilikwama wakati wa kuhamishwa kutoka ndege moja hadi nyingine. Ndiyo maana tunasema muda mfupi ni hatari hata kwa anayejua kukimbia. Wewe utakimbia, sanduku halina miguu.

Lisipotokea, usitoke nje ya ukumbi wa mizigo. Nenda dawati la mizigo la shirika lililokuleta mwisho, toa kile kipande chenye tarakimu kumi na ile picha uliyopiga, na uandikishe ripoti iitwayo PIR. Usiondoke bila nambari ya ripoti hiyo. Toa anwani utakayolala kweli. Ukinunua sabuni, soksi na shati, weka risiti, kwa kuwa unaweza kudai urejeshewe fedha hizo.

Sheria iko upande wako. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Kenya ni mwanachama wake, unampa abiria haki ya kulipwa hasara ya mzigo uliochelewa, kuharibika au kupotea. Kiwango cha juu tangu Desemba 28, 2024 ni SDR 1,519, kipimo cha fedha cha IMF, ambacho ni takriban dola 2,000 za Marekani. Lakini siku zimehesabiwa. Sanduku likiharibika, andika malalamiko katika muda wa siku 7 tangu ulipolipokea. Likichelewa, ni siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Lisipofika kwa siku 21 huhesabiwa limepotea. Kesi hufunguliwa ndani ya miaka miwili. Malalamiko ya mdomo hayafai kitu, andika.

Na ndege ikikuacha? Usilie mlangoni wala usinunue tikiti nyingine kwa hofu. Nenda dawati la shirika lako, sema kwa utulivu kuwa ndege yenu ya kwanza ilichelewa, uonyeshe tikiti yako. Ikiwa ni tikiti moja, watakuandikia nyingine. Ukilazimika kulala, ulizia chakula na malazi, na ulizia sanduku lako liko wapi. Halafu pigia nyumbani simu, kwani huko nako hawalali.

Wazazi, kabla ya kumwacha kijana kwenye mlango wa JKIA, muulizeni mambo manne. Tikiti ni moja au mbili? Unabadilisha ndege wapi, na lango utalitafuta vipi? Sanduku utalichukulia wapi? Karatasi za chuo ziko begi gani? Akijibu yote bila kubabaika, piga picha, omba sala, na umwache aende. Akibabaika kwa moja, bado mna muda wa kukaa kwenye benchi na kufungua tikiti hiyo pamoja.